Nyuma, Kushoto

Habari hii kila nikiisimulia huwa nasema ilimpata jirani yangu. Jirani mwenyewe alihama zamani, hana wa kumtetea, nami nimembebesha kila kitu: uvivu, uongo, hata jasho la viganjani. Watu husikiliza, hutikisa kichwa, husema, "Huyo jirani yako naye hana haya." Nami naitikia, "Hana hata chembe." Sasa nimechoka kumsingizia mtu wa watu. Jirani hakuhusika. Ni mimi.

Tulikuwa watatu nyumbani: baba, dada yangu mkubwa, na mimi. Dada ni mshonaji, ana kibanda chake cha cherehani mtaa wa pili. Mimi ni fundi kompyuta, kazi nafanyia chumbani. Watu wananiletea mashine zilizojaa virusi, nazisafisha, wanakuja kuchukua. Dada ananiita Kichwa. Usidhani ni kwa akili. Nilipokuwa mdogo hakuna kofia iliyonienea, basi jina likanata.

Baba alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Upande wa kulia ulilala wote, na sauti ikaenda nao. Akabaki na mkono wa kushoto na macho, na kwa macho hayo bado aliweza kukutania mpaka ukacheka. Kuita hakuweza. Kwa hiyo tulikubaliana: kijiko cha chuma kikae kando ya mto wake, akihitaji mtu agonge ukuta mara tatu. Chumba changu kilikuwa ng'ambo ya ukuta huo huo. Nikikaa kwenye meza yangu, kitanda chake kilikuwa nyuma yangu, upande wa kushoto.

Mwezi ule nikanunua kadi ya sauti na hedifoni yake. Dada aliuliza ni vya nini, nikamwambia ni vifaa vya kazi, vya kupimia mashine za wateja. Uongo. Vilikuwa vya gemu. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, ndevu zimejaa, nacheza gemu ya vita mchana kweupe! Hata leo nikilitaja nahisi uso unawaka.

Lakini kadi ile, jamani, ilikuwa maajabu. Hedifoni ina spika mbili tu, moja kila sikio. Kadi inazichezea: inaichelewesha sauti kidogo mno isifike masikio yote kwa pamoja, inaifubaza upande mmoja, basi ubongo unadanganyika kwamba mtu yuko nyuma yako, au mlangoni, au juu ya dari. Hakuna mtu. Ni hesabu tu zinafanyika ndani ya kadi. Nilimvalisha dada, nikampigia sauti ya nyuki anayezunguka kichwa. Alijipiga kofi la shingo mpaka hedifoni ikaruka.

"Una wazimu wewe Kichwa! Toa dude lako!"

Baba alicheka kwa upande wake mmoja wa mdomo. Nikaenda kumvalisha na yeye, nikaibana hedifoni mpaka tundu la mwisho kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimekonda, nikamwekea sauti ya mvua. Alifumba macho. Nilipotaka kuivua, alinishika mkono nisiivue. Nikamwachia robo saa nzima, nikaona mimi ni mtoto mwema sana.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Jua la kawaida, maji yalitoka, umeme haukukatika. Tulikula mchana. Dada alikuwa na mzigo wa sare za shule wa kupeleka, akazifunga kwenye shuka, akasimama mlangoni kwangu.

"Kichwa, baba nakuachia. Tisa hivi nimerudi. Sikio lako liwe ukutani."

"Ondoka bwana, usihofu. Nitakwenda wapi?"

Kweli sikwenda popote. Nilimgeuza baba, nikamnyooshea shuka, nikampa maji vijiko viwili vitatu. Alinikonyeza. Nikarudi chumbani, nikavaa hedifoni. Nilijiambia nitacheza kidogo tu, na sauti nitaiweka ya chini. Sikuiweka ya chini.

Ndani ya gemu nilikuwa nimeingia kwenye jengo bovu, la ghorofa, madirisha yamevunjika. Adui mmoja alikuwa amejificha humo. Kazi yangu ilikuwa kumtafuta kwa masikio, kwa sababu giza lilikuwa zito huoni kitu. Maji yalidondoka mbele. Mlango ulilia juu kulia. Nilishusha pumzi, nikasikiliza.

Ngo, ngo, ngo.

Nyuma, kushoto.

Niligeuza askari wangu haraka. Hakuna mtu. Ukuta tu.

Ngo, ngo, ngo. Nyuma, kushoto, chini kidogo, kama mtu aliyelala sakafuni. Nywele zilinisimama kwa raha. Niseme kweli yote: nilicheka. Nilipiga meza kwa kiganja nikasema kwa sauti, peke yangu, "Aisee! Kadi hii balaa!" Nilikuwa naisifu kadi. Sikuwahi kusikia sauti iliyokaa mahali pake namna ile, hata unene wa ukuta niliusikia.

Ikagonga tena, mara hii haraka haraka, bila mpangilio. Nikamtania yule adui, kama tunavyotaniana wacheza gemu. Nikapaza sauti:

"Nimekusikia! Tulia hapo hapo, nakuja!"

Kugonga kukakoma. Nikafurahi kwamba nimemtisha. Nikaanza kupanda ngazi za jengo lile, polepole, kumtafuta ghorofa ya juu.

Nilishtukia mkono wa mtu begani. Ilikuwa saa kumi kasoro. Dada alikuwa amesimama nyuma ya kiti, shuka la sare tupu mkononi, mdomo unacheza lakini hakuna ninachosikia. Nilipoivua hedifoni ndipo nikasikia. Alikuwa ananong'ona neno moja tu.

"Baba. Baba. Baba."

Nilimfuata hadi chumba cha pili. Baba alikuwa ameteleza nusu nje ya kitanda, uso umeelekea mlangoni. Kijiko kilikuwa sakafuni. Dada alitoka mbio kumtafuta daktari wa zahanati, nami nikabaki peke yangu na baba. Unajua nilifanya nini? Sikumfumba macho kwanza. Niliokota kijiko, nikakifuta kwa shati, nikakirudisha kando ya mto, pale pale kinapokaa siku zote. Halafu ndipo nikamfumba macho.

Daktari alikuja, akamtazama, akasema ni makohozi yalimziba. "Angekuwepo mtu wa kumwinua tu akakaa..." Akamwona dada, akanyamaza, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Dada alinigeukia. "Hakugonga?"

"Hakugonga," nikasema. "Nilikuwa hapa muda wote. Kimya tu."

Dada aliamini, na kuamini kwake ndiko kulikommaliza. Kwake yeye hesabu ilikuwa nyepesi: alisema atarudi saa tisa, akarudi saa kumi. Alipitia kwa mteja mmoja kurekebisha pindo. Pindo! Alilirudia neno hilo wiki mbili nzima, akiwa jikoni, akiwa anafua. "Pindo, Kichwa. Nilikaa napima pindo." Cherehani aliifunika. Chakula alikipakua akakiacha. Magauni yake yalianza kumning'inia, mshonaji mzima asiyejipunguzia nguo zake mwenyewe.

Na mimi? Mimi nilisifiwa. Shangazi alinishika mabega mbele ya watu wote waliokuja kutupa pole, akasema, "Mtoto ni huyu. Hakumwacha baba yake hata dakika." Watu wakaitikia. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni uchungu. Dada alikuwa amekaa mkekani pembeni, anasikia kila neno, anakubali kwa kichwa. Ningeweza kusema pale pale. Sentensi moja tu ilitosha kumtua mzigo. Niliomba chai.

Wiki ya tatu nikawasha kompyuta. Nilikuwa na mashine ya mteja niliyotakiwa kuipima sauti, si gemu, gemu nilishaifuta. Nikachukua hedifoni, nikaivaa, ikanibana kichwani mpaka ikauma. Ilikuwa imebanwa hadi tundu la mwisho. Nikaona labda dada aliigusa. Nikaivuta, ikanienea, nikakaa.

Ilikuwa saa tisa alasiri, watoto wanacheza nje.

Ngo, ngo, ngo.

Nilivua. Kimya. Nikafungua mlango wa chumba cha baba. Kitanda kitupu, godoro limekunjwa, kijiko kilikuwa jikoni na vijiko vingine. Nikarudi. Nikavaa.

Ngo, ngo, ngo.

Mimi ni fundi, nikafanya ya kifundi. Niliingia kwenye mipangilio nikazima mzunguko wote wa sauti. Ukiuzima, sauti haina tena mbele wala nyuma. Inakaa katikati ya kichwa, kushoto na kulia basi. Kugonga hakukukaa katikati ya kichwa. Kulibaki nyuma, kushoto. Nikashusha sauti hadi sifuri. Kukabaki. Nikachomoa waya kwenye kompyuta, nikaushika mkononi, kichwa cha waya kinang'aa mbele ya macho yangu.

Ngo, ngo, ngo.

Niliitupa kitandani. Mikono ilikuwa imelowa.

Kesho yake nilijaribu tena. Mtu anayeogopa kweli angeichoma moto, nami nikaivaa saa ile ile, sijui kwa nini. Siku hiyo baada ya kugonga nilisikia pumzi. Nzito. Yenye mlio wa maji ndani yake. Siku ya tatu pumzi ilikuwa karibu zaidi, upande wa huku wa ukuta. Siku ya nne ilikuwa nyuma ya kiti. Na kila asubuhi nilipoichukua hedifoni, ilikuwa imebanwa tena, tundu la mwisho, saizi ya kichwa kilichokonda.

Nikaazima hedifoni nyingine kwa rafiki. Ya kwake ilipiga muziki vizuri mpaka saa tisa. Saa tisa muziki ukawa chini, chini, na kitu kikapumua begani kwangu. Nikamrudishia siku ile ile. Ile yangu nikaiweka kwenye boksi, boksi nikaliweka juu ya kabati, nikajiambia yamekwisha. Moyoni nilijua kinachotakiwa. Hakikuwa kitu kikubwa. Ni kwenda jikoni kumwambia dada, "Aligonga." Kila nilipofika mlango wa jikoni niliuliza kama chumvi ipo.

Siku moja dada aliingia chumbani kwangu na simu yake mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumwona na uso wenye nuru kidogo.

"Kichwa, nimepata sauti ya baba. Kabla hajaugua. Alinitumia ujumbe wa kuniambia nisisahau mafuta ya taa, amecheka mule ndani." Alifuta macho. "Spika ya simu imekufa. Nipe lile dude lako nimsikie."

"Limeharibika," nikasema.

"Limeharibika na hujalitengeneza, fundi gani wewe?" Alikuwa ameshapanda juu ya kiti, ameshashusha boksi. "Hebu nijaribu tu."

"Dada, usivae."

Alicheka kidogo. Akaivaa. Ilimwenea bila kuivuta. Waya ulikuwa unaning'inia kifuani kwake, haujaingia kwenye simu wala popote. Nilitazama saa ya ukutani. Sina haja ya kukuambia ilikuwa saa ngapi.

Dada alikuwa anautafuta waya kwa mkono. Mkono ukasimama.

"Shh," akasema, ingawa sikuwa nimesema kitu.

Alikaa chini taratibu, ukingoni mwa kitanda changu. Akafumba macho. Alipoongea alinong'ona, nami niliinama kumsikia.

"Mbona niko chumbani kwa baba?"

Niliutazama tena ule waya unaoning'inia.

"Nimelala. Saa inalia pale juu ya mlango. Dirisha liko huku, watoto wanapita." Alionyesha kwa kidole, na kweli, ukilala kwenye kitanda cha baba dirisha linakuwa huko. "Kuna mtu anapumua vibaya. Kichwa, si pembeni yangu. Ni hapa hapa. Ni mimi."

"Vua, dada. Tafadhali."

Alizishika spika kwa mikono miwili, akazikandamiza masikioni.

"Kijiko," akanong'ona. "Anagonga."

Kidole chake kikagonga goti. Tatu. Kikapumzika. Tatu. Halafu kikaenda mbio, ovyo ovyo. Nilijua kinachofuata. Nilikuwa nimesimama mita moja kutoka kwake na sikuweza kunyoosha mkono.

"Kuna mtu anaongea ng'ambo ya ukuta," akasema. "Anacheka." Uso wake ulikunjamana, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akayatamka polepole, neno kwa neno, kwa sauti yake ya kunong'ona: "Nimekusikia. Tulia hapo hapo. Nakuja."

Akafumbua macho, akanitazama.

Hakuvua. Aliendelea kusikiliza, macho yake yakiwa kwangu. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Ameacha kugonga," akasema.

Nikapiga magoti, sijui kama ni kwa kukusudia.

"Ameacha kugonga, Kichwa. Kijiko amekishusha. Anakungoja wewe."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Naapa, katika siku zote zile nilizojilaumu, hilo halikunijia. Nilidhani nguvu zilimwishia. Kumbe alinisikia. Alinisikia nikiitika, akaniamini, akatulia kama nilivyomwambia. Na dada aliisikiliza yote, dakika kwa dakika, mpaka mwisho wake. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Sikusikia chochote, nilimwona yeye tu anavyosikia. Kuna wakati aligeuza uso kuelekea mlangoni na kubaki hivyo.

Alipoivua hakuwa analia. Aliiweka kitandani kwa utaratibu.

"Ulisema hakugonga."

"Nilidhani ni gemu," nikasema.

Nimesema mambo mengi ya kijinga maishani, lakini hilo ndilo ninalolisikia nikiwa naoga, nikiwa nakula. Nilidhani ni gemu. Dada akasimama. Alichukua simu yake, akaenda kufunua cherehani yake, akaifunga kamba, akaita mtu wa mkokoteni. Jua lilikuwa halijazama alipohama nyumbani. Hakumwambia shangazi. Hakumwambia mtu yeyote. Nasikia anakula vizuri sasa, na amepunguza magauni yake yakamkaa, na kwa hilo nashukuru kweli.

Hedifoni sijaisikia tena ikigonga. Niliivaa mara nyingi, saa tisa, waya mkononi, nikisubiri. Kimya kitupu.

Kilichobaki ni kingine. Nilikigundua wiki moja baadaye, barabarani, pikipiki ilipopiga honi mbele yangu. Nikaruka nyuma kuikwepa, ikanikosa kwa unywele, kwa sababu ilikuwa inatokea nyuma. Tangu siku hiyo masikio yangu hayajui mahali. Kila sauti naisikia mbele. Mteja akiniita akiwa mgongoni kwangu, namsikia mbele. Mlango ukigongwa, nafungua dirisha. Daktari wa masikio alinifungia kwenye kile chumba chao kidogo, akanipigia vijisauti vyote, akatoka na karatasi.

"Masikio yako mazima kuliko ya kwangu," akasema. "Unasikia kila kitu. Labda ni mawazo."

Juzi nilikwenda mtaa wa maduka ya vitambaa kuchukua kompyuta ya mteja. Watu walikuwa wengi, kelele. Katikati ya kelele hizo nikasikia jina langu, lile la nyumbani, kwa sauti ambayo sijaisikia miezi saba.

"Kichwa! We Kichwa!"

Ilitoka mbele. Nilipaza sauti kuitika, nikaanza kusukuma watu, naomba njia, moyo unanipasuka kwa furaha. Ikaniita tena, mbele zaidi, hafifu kidogo. Nikaongeza mwendo. Ikaniita tena, hafifu zaidi, nami nikakimbia, nikavuka barabara, nikafika mwisho wa maduka, mpaka kwenye ukuta wa gereji. Hakukuwa na mtu.

Niliporudi, mama mmoja muuza nyuzi alinitazama toka chini mpaka juu. Alimjua dada, ni mteja wake wa nyuzi.

"Wewe kaka una roho ngumu," akaniambia. "Mwenzio kasimama hapa hapa nyuma yako anakuita, machozi yanamtoka. Unamwitikia vizuri kabisa, halafu unazidi kwenda."